Herufi Mbili za Mwisho

Seremala Mwasomola alikosa ubao mrefu.
Mvua ya Aprili, barabara ya Kiwira imekatika,
mbao zote zimelowa. Akaokota kipande cha mkaratusi,
akakipiga randa hivyo hivyo,
akachonga jina la mwanangu kwa patasi:
TUSUBILE
na hapo ubao ukaisha.
Akazishusha herufi mbili chini, peke yake,
karibu na udongo: GE.
Akaja kuniomba radhi, kofia mkononi,
kana kwamba hilo ndilo lililoniuma.

Bibi yake ndiye aliyempa jina,
nikiwa na mimba ya miezi saba na miguu imevimba.
"Tusubilege," alisema. Tuendelee kutumaini.
Akaishi miaka sita.
Alipenda parachichi lenye chumvi.
Aliogopa bata mzinga.
Alihesabu vichana vya ndizi kwa sauti
na kila mara aliiruka saba.

Figo zake zilichoka kabla yake.
Siku kumi na tisa Mbeya, hospitali ya rufaa,
nililala sakafuni kando ya kitanda chake,
nikaomba maombi yote niliyofundishwa,
yalipokwisha nikatunga mengine.
Siku ya ishirini nilirudi na begi lake.

Sitakudanganya, Bwana, ulikuwepo.
Jumapili wenzangu waliposimama kuimba, mimi nilikaa.
Usiku, jikoni, nilikutamkia maneno
ambayo hata mwizi wa kuku haambiwi.
Hukunijibu.
Hukunifukuza pia.

Kina mama wa kanisa walileta kuni,
wakamenya ndizi, wakaosha sufuria zangu,
wakakaa.
Hakuna aliyesema kazi ya Mungu haina makosa,
isipokuwa mmoja, na Sekela alimkanyaga mguu.

Mwezi wa saba nikavuka ng'ambo kudai pesa yangu ya chai,
kwa njia ya mkato, ya Daraja la Mungu.
Nilikuwa nimeinama, nalia bila sauti kama nilivyozoea.
Nyasi, mawe, kinyesi cha ng'ombe.
Hata sikujua nimeshafika
mpaka niliposikia mto unanguruma chini ya nyayo zangu.

Nikasimama.
Husema mwamba huu zamani ulikuwa moto,
ulishuka mlimani ukiunguza kila kilichokuwa mbele yake,
ukafika majini, ukapoa.
Sasa unanibeba mimi na kapu langu
na haujaniuliza kama ninauamini.

Hakuna sauti iliyotoka juu.
Mwanangu hakurudi.
Ila nilielewa kwa miguu, kichwa kikafuata baadaye sana:
tangu siku ile ya begi
nilikuwa natembea juu ya kitu.
Kwamba yule aliyelia mtini kuwa ameachwa
alishapita hapa, kwa miguu yenye matundu,
na kaburi lake akaliacha wazi
kama chumba cha mpangaji aliyehama alfajiri.
Basi na hili la mwanangu ni la kupanga tu.
Kodi imekwisha kulipwa. Si mimi niliyelipa.

Leo nimekuja kupalilia.
Ubao umeota kuvu, TUSUBILE haisomeki vizuri,
lakini nikifukunyua nyasi
zile mbili za chini zipo, zimekingwa na majani:
GE.
Kwa Kinyakyusa chetu hizo ndizo
zinazosema usikome,
na kesho tena,
na keshokutwa, hata kama hutaki.
Mwasomola, fundi wangu, hukukosea popote.

Nimezifuta tope kwa upindo wa khanga.
Bado nina hasira, Bwana, kidogo, upande huu wa kushoto.
Nimekuja nayo.
Mvua inaanza, mlima haujaonekana tangu juzi.
Naokota jembe langu.
Njia ya kurudi ni ile ile, ya darajani.